Uchoraji, mavazi na gitaa katika lupango (ua wa nyumba) moja: jibu kwa fundi wa Katuba

Swali: "Yaya, mkubwa wangu, mimi ni fundi wa kushona hapa Katuba, Lubumbashi. Nina marafiki wawili: mmoja anachora, mwingine anapiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili chetu. Mwaka jana tulifanya maonyesho ya pamoja. Watu walikuja, wakapiga picha, wakapiga makofi, wakarudi kwao. Lakini sisi wenyewe tuliona kila mtu alifanya yake pembeni: michoro ukutani, nguo kwa wasichana waliokuwa wanatembea, muziki ukilia nyuma. Tufanye nini ili mambo haya yakutane kweli? Tuanzie wapi? Na mwishowe, kazi kama hiyo inakuwa ya nani?"

Jibu:

Mdogo wangu, mmeona sawasawa, na wengi hawaoni hata baada ya miaka kumi ya kupanda jukwaani. Mlichofanya ni kukusanya fani tatu mahali pamoja kwa saa moja. Kukutana kunadai zaidi ya hapo. Fani zinakutana pale moja inapoilazimisha nyingine kufanya jambo ambalo isingelifanya ikiwa peke yake. Jiulizeni: wimbo ule ungepigwa mahali pengine bila nguo zako, ungepungukiwa na nini? Nguo zako zingevaliwa harusini, mbali na ile michoro, zingepungukiwa na nini? Kama hakuna kilichopungua, basi fani hazikugusana. Na mguso huo hauwezi kupatikana siku ya maonyesho. Unapatikana kabla kitambaa hakijakatwa na kabla wimbo haujakamilika.

Kwanza niondoe dhana moja ninayoisikia kila mara kwa vijana wetu, kwamba kuunganisha sanaa, mavazi na muziki ni mambo ya Paris, au labda ya Kinshasa, na sisi wa Katanga tunajifunza kwa mbali. Ngoma ya Beni ilizaliwa pwani ya Afrika Mashariki, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa na tarumbeta, gwaride, vyeo vya kijeshi, sare zilizoshonwa kwa ushindani, na nyimbo za kuwachoma wapinzani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilisafiri na askari na wafanyakazi mpaka kwenye ukanda wa shaba, na mji wetu, Elisabethville wa wakati huo, ulikuwa nayo. Mwaka 1951, ng'ambo ya mpaka kule Luanshya, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya Kalela ikichezwa siku za Jumapili. Wachezaji, vijana wafanyakazi wa mjini, walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'aa. Kulikuwa na "daktari" mwenye koti jeupe, na "nesi", mwanamke pekee katika kundi, aliyezunguka na kioo na leso ili kila mchezaji ajitengeneze asipoteze unadhifu katikati ya ngoma.

Mfikirie huyo nesi. Kioo chake kilikuwa kazi ya mavazi, kilikuwa mchezo wa kuigiza, na kilikuwa sehemu ya ngoma, vyote kwa mara moja. Nyimbo za Kalela zilimhusu mtu wa mjini, na mtu wa mjini alitambulika kwa nguo zake. Ukiwavua wale vijana suruali zile, wimbo unakosa maana. Huo ndio mkutano ninaousema, na waliufanya vijana wa kazi, siku yao ya mapumziko.

Ulaya nako walifika huko kwa njia zao, na ninakutajia kazi mbili kwa sababu kila moja ina somo la fundi. Katika mkusanyiko wake wa majira ya baridi ya 1965, mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alitoa magauni yaliyotokana na michoro ya Piet Mondrian: miraba ya rangi na mistari myeusi. Mtu mvivu angechapa mchoro ule juu ya kitambaa. Yeye aliunganisha vipande vya jezi ya sufu, kipande kwa kipande, na akaficha ndani ya maungio yale yote ambayo fundi huyafanya ili gauni lifuate mwili. Ukilitazama kwa mbele unaona ubao mnyoofu usio na pensi (mkunjo wa kubana gauni mwilini) hata moja, na bado linamkaa mwanamke. Mchoro umegeuka kuwa mkato. Hapo mchoraji amemlazimisha fundi.

Kazi ya pili inaonya. Mwezi Mei 1917, kampuni ya dansi ya Ballets Russes ilicheza *Parade* mjini Paris: muziki wa Erik Satie, hadithi ya Jean Cocteau, mavazi na pazia vya Picasso, miondoko ya Léonide Massine. Picasso aliwavika baadhi ya wachezaji majengo mazima ya karatasi ngumu, marefu kuliko mtu. Yalikuwa mazuri kutazama, lakini aliyekuwa ndani aliweza tu kukanyaga na kujikokota. Wapo wanaoona kwamba uzito ule ndio uliozaa mwondoko mpya, nami nakubaliana nao kwa sehemu. Hata hivyo, mchezaji mwenyewe hakuulizwa. Ninyi mna bahati ya kuwa watatu mnaofahamiana: ulizaneni. Katika muziki wa kazi hiyo hiyo kuna sauti ya mashine ya kupiga chapa, na jambo hilo naomba ulikumbuke, kwa maana wewe nawe una mashine nyumbani inayotoa mdundo kila siku.

Sasa tuje kwenye kazi yenu. Msianze na mada pana kama "utamaduni wetu" au "amani". Mada za namna hiyo hazishikiki, na kila mmoja ataikwepa kwa kurudi kwenye yale aliyoyazoea. Anzeni na kitu kimoja ambacho wote watatu mnaweza kukishika mkononi. Kwa Lubumbashi, mimi ningechagua mfuko wa unga.

Nina sababu. Wachoraji wetu wa miaka ya 1970 walipaka rangi juu ya mifuko ya unga, ile ya pamba, iliyofuliwa, ikakazwa kwenye fremu na kupakwa nyeupe. Humo walichora mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu na mapambo ya gharama, anayempa mtu utajiri kwa masharti. Humo walichora pia Colonie belge, yaani koloni la Ubelgiji: mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa. Watu waliziita ukumbusho, wakazitundika kwenye chumba cha kupokelea wageni, zikazua mazungumzo. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi katika picha 101, mwaka 1973 na 1974, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa mjini. Masimulizi yale yalirekodiwa, na mtu anayezitazama picha bila kuyasikia anapata nusu ya kazi. Kwa hiyo mchoraji wenu ana haki ya kuudai mfuko wa unga kuwa turubai yake ya urithi. Wewe una haki ya kuudai kama kitambaa. Na mpiga gitaa wenu ana wimbo tayari, kwa sababu unga wa bukari (ugali) yetu kwa sehemu kubwa unategemea mahindi ya Zambia, na kila Zambia inapofunga mpaka kwa mahindi yake, kila mama wa Katuba anajua siku hiyo hiyo bei imepanda.

Halafu kuna ugumu wa kitu chenyewe, na ugumu ndio utakaowafundisha. Mifuko mingi ya leo ni ya plastiki iliyofumwa. Wewe fundi utaijua baada ya dakika tano: pasi ya moto inaiyeyusha, ukingo wake unafumuka ukikata bila kuuchoma au kuukunja, na tundu la sindano halifungi, hivyo huwezi kufumua na kushona upya mara tatu. Mchoraji ataona rangi ya maji inateleza, na ile inayoshika inapasuka panapokunjwa. Mpiga gitaa atasikia kitu kingine kabisa: nguo hiyo inalia. Kila hatua inatoa mchakacho, na wasichana sita wakitembea pamoja wana kayamba. Kila mmoja wenu hapo amelazimishwa aache mazoea.

Siku za mwanzo usishone kitu. Jifungeni mifuko mwilini kwa pini na kamba, mwenzenu apige, mtembee, mkae, mpige magoti, mnyanyue ndoo. Mchoraji atazame tu, akiweka alama kwa chaki mahali mkunjo unapotokea: kiwiko, nyonga, nyuma ya goti. Baadaye rangi nene isiguse alama hizo, au iziguse kwa makusudi kama mnataka mchoro upasuke mbele ya watu wakati wimbo unaendelea. Uamuzi huo ni wenu watatu, na ni uamuzi wa kisanaa kweli kweli. Wewe nawe angalia hatua. Wimbo wa polepole unavumilia sketi nyembamba, wimbo wa haraka utaipasua au utamwangusha msichana wa watu. Pima upana wa chini ya nguo huku muziki unapigwa.

Kwa anayeimba, mpime kifua akiwa amevuta pumzi mpaka mwisho. Mafundi wengi humpima msanii akiwa amesimama kimya, kisha jukwaani kola inamkaba kwenye noti ya juu. Na anayepiga gitaa msiwekee vifungo wala zipu mbele tumboni, mahali mgongo wa gitaa unapolala, wala mshono mnene kwenye mkono wa kulia unaolalia mwili wa chombo. Wazee wetu wa gitaa kavu, lisilo la umeme, Mwenda Jean Bosco akiwa wa kwanza wao, walipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ule mwendo mdogo wa vidole ni mzuri sana kutazama. Ukiuficha ndani ya mkono mpana wa joho umewaibia watazamaji.

Katika mazoezi, nawashauri njia ya kundi la Mufwankolo, waigizaji wetu waliopendwa sana redioni na kwenye televisheni. Hawakukariri maandishi. Walikubaliana kisa na mfuatano wa matukio, kisha kila mmoja akayajaza kwa maneno yake wakati wa kucheza. Fanyeni hivyo. Mpangilio uwe thabiti: nani anaingia, mfuko unafunguliwa lini, mashine yako ya kushona inaanza kulia lini. Ndani ya mpangilio huo, acheni nafasi. Nami ningekuweka wewe jukwaani, umekaa kwenye mashine, unamalizia vazi la mwisho mbele ya watu, mguu wako ukimpa mpiga gitaa mdundo. Fundi hufichwa nyuma ya pazia katika maonyesho mengi. Kwenu asifichwe.

Kuna kishawishi kingine nataka nikutahadharishe nacho, kwa kuwa nakiona katika warsha nyingi: kuchukua michoro ya wazee wetu wa Hangar na kuichapa kwenye fulana na vitenge. Hangar ndiyo shule ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha mjini hapa mwaka 1946, wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Nazipenda kazi zao kupita kiasi. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze alijaza turubai kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba, hata mwili wa mnyama unaonekana kama umefumwa. Ukichapa paa wa Mwenze kifuani mwa fulana, umepata fulana. Lakini ukichukua ile mistari ukaigeuza kuwa mishono, mamia ya mishono mifupi iliyokaza kitambaa upande mmoja na kukiachia upande mwingine, utapata uzito na mkao ambao hakuna aliyewahi kuuvaa. Hapo umemsoma Mwenze kama fundi anavyopaswa kumsoma.

Kuna pia suala la haki. Kwa sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 kuhusu haki za waandishi na wasanii, kazi inalindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenze alifariki 1999, Pilipili 2007. Michoro yao ina wenyewe, nao ni familia zao, na anayetaka kuichapa aende kwao kwanza. Namna ya kuchora, yaani lile wazo la mistari sambamba, haina mwenyewe. Jifunzeni kwayo kwa uhuru na mtaje mlikojifunza.

Kama unataka kuona wanaoishi sasa wanavyofanya, hapa Lubumbashi hauko mbali. Kituo cha sanaa kiitwacho Picha, ambacho Sammy Baloji na Patrick Mudekereza ni miongoni mwa waanzilishi wake, ndicho kinachoandaa Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, ya mji huu tangu 2008. Sammy Baloji alichukua vitambaa vya kifahari vya Wakongo (kabila la Bakongo) vya karne ya 17 na 18, ambavyo leo vimo katika makumbusho, akavigeuza kuwa mabamba ya shaba, mfumo wa uzi ukionekana kinyume kama chapa ndani ya madini. Kwa mtu wa Katanga kazi hiyo inasema mengi kabla hata hujasoma maelezo: kitambaa kilichoondoka kinarudi kwa madini yaliyoondoka. Usimchanganye na Baloji mwanamuziki, ambaye naye alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978 akakulia Ubelgiji. Huyu anaimba, anaongoza filamu na anabuni mavazi, na mwaka 2023, filamu yake ilipopata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, makumbusho ya mitindo ya Antwerp yalifanya maonyesho ya mavazi na ulimwengu wa filamu hiyo. Kwake nguo ndiyo inayotueleza mtu ni nani kabla hajafungua mdomo.

Nifike kwenye fedha, maana mtatafuta mfadhili. Vijana hamkuuona wakati wa Mobutu, lakini waulizeni wazazi wenu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliamua mwanamume avae abakosti, ile suti ya wakati huo, bila tai, mtu aitwe jina gani, mkoa wetu uitwe Shaba, na vikundi vya wacheza ngoma viimbe sifa za chama vikiwa vimevaa vitambaa vyenye sura ya rais. Muziki, nguo na ngoma vilikutana kila siku, kwa amri. Wasanii wenye vipaji vikubwa walitumika humo, na siwalaumu. Lakini mimi niliyekulia katika hayo nikiona leo kampuni inataka nembo yake kifuani mwa kila mchezaji ili ilipe vipaza sauti, roho yangu inakataa. Jina la mfadhili likae kwenye bango na kwenye kadi ya mwaliko. Lisiguse vazi wala wimbo. Mwambieni hivyo mapema, kwa heshima, na mwandikishiane. Wapo watakaokubali.

Mahali: msikimbilie ukumbi mkubwa. Halle de l'Étoile ni nzuri, jengo la theatre la 30 Juin ni zuri zaidi, lakini kazi ya mfuko wa unga ningeianzia kwenye lupango la mmoja wenu, hapo hapo Katuba, wakati wa kiangazi. Anzeni saa kumi alasiri, kwa kuwa jua letu la mwezi wa sita linazama kabla ya saa kumi na mbili, na umeme mnaujua wenyewe. Mwanga wa alasiri ukipita ndani ya plastiki nyeupe unaifanya ing'ae, na hamtalipa taa. Mwagieni maji ardhi asubuhi, vinginevyo vumbi jekundu litakaa kwenye rangi mbichi. Kama gitaa ni la umeme, tafuteni spika ya betri, na muijaribu wakati lupango lina watu ndani, maana miili ya watu inameza sauti.

Mwisho umeuliza kazi ni ya nani. Ni ya wote watatu, na iandikwe hivyo kabla ya mshono wa kwanza, karatasi moja, sahihi tatu. Ila fani zenu hazilipi sawa, na hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Wimbo unaweza kuimbwa mara mia na bado ni wimbo. Mchoro unauzwa mara moja, kwa bei ambayo mchoraji anaitaja mwenyewe. Vazi lako linauzwa mara moja, kwa bei ya kitambaa na jasho, na mnunuzi atataka kupunguziwa. Kwa hiyo gharama zako za vifaa zirudi kwanza, kabla ya kugawana chochote, na siku zako za kushona zihesabiwe kama siku za mazoezi ya muziki zinavyohesabiwa. Patroni, zile karatasi za mkato, zibaki kwako kwa maandishi, na mtu asilishoneshe vazi lile kwa fundi mwingine bila kukushirikisha. Wimbo usajiliwe SOCODA, shirika la haki za waandishi na wasanii, kwa majina ya walioutunga, na kama mdundo wa mashine yako umo kwenye rekodi, jina lako limo. Mpiga picha naye apewe sharti lake kabla hajafungua kamera: kila picha anayoitoa itaje majina yenu matatu.

Mkishakuwa na vazi moja na wimbo mmoja, hata kama rangi haijakauka, niiteni nije kutazama kabla ya kualika majirani. Wakati huo bado kuna cha kubadilisha.